Habari za Kushuka

Katandala, Sumbawanga
12 Februari 2023

Mpendwa Dada Rozina,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko unovisini Njombe, na kwamba baridi ya huko haijakushinda, maana ulikuwa unajisifu kuwa Mfipa hafundishwi baridi. Sisi huku hatujambo. Baba yupo, ila goti la kushoto linamsumbua siku za mvua, na mvua mwaka huu haipumziki. Mahindi ya Kaengesa yamenifika kifuani.

Nilipiga simu kwenu mwezi uliopita. Sista aliyepokea akaniambia kwa upole kwamba wanovisi hawana simu kwa miaka yote miwili ya malezi ya usista, ila barua mnapokea. Mara ya mwisho mimi kuandika barua ilikuwa kwenye mtihani wa darasa la saba, na sikumbuki kama niliipata. Kwa hiyo nivumilie.

Dada, nina jambo la kuungama. Uliponiachia baiskeli yako ulisema niitunze, hukusema niipande. Miezi mitano ilining'inia ukutani karakanani, mimi nachomelea mageti ya watu, yenyewe inanitazama. Mwezi wa kwanza nikaishusha. Jumapili iliyopita nikaingia nayo mashindanoni, yale yale ya kwenda Kaengesa na kurudi kwa njia za vilimani, ambayo wewe ulishinda upande wa wanawake miaka mitatu mfululizo.

Nimekuwa wa ishirini na nne kati ya watu thelathini na mmoja. Usicheke. Tope lilikuwa zito, na mlimani kila nikikanyaga kwa nguvu gurudumu la nyuma linateleza na mnyororo unaruka. Nilishuka nikasukuma mara nne. Ipyana, yule mpima ardhi wa halmashauri aliyetoka Mbeya, alinipita akipiga kelele, "Oya Vitus, hiyo baiskeli inamjua mwenyewe!" Kweli inakujua. Pale mwisho watu waliniuliza, "Rozina yuko wapi?" Nikawa nasema amesafiri.

Nifundishe. Ule mlima wewe uliupandaje bila kuweka mguu chini?

Baba hajui kama nimekuandikia. Tangu uondoke bila baraka yake, jina lako halitaji. Akitaka kusema habari zako anasema "yule". Juzi, tunakula, akasema, "Yule ugali wake wa ulezi haukuwa na madonge." Akaendelea kula. Kwake yeye hiyo ni hotuba.

Mimi mdogo wako,
Vitus

*

Njombe
16 Aprili 2023

Mdogo wangu Vitus,

Milele amina, na marahaba sana. Heri ya Pasaka. Mimi ni mzima, nimenenepa hata. Barua yako ilifika Kwaresima imeshaanza, na Kwaresima hatuandiki, kwa hiyo ilikaa mezani kwa Mlezi wetu, Sista Lucia, mpaka Jumatatu ya Pasaka. Ujue anazisoma kwanza. Aliponipa akaniuliza, "Rozina, huu mnyororo unaoruka ni fumbo?" Nikamwambia, si fumbo, Mama, ni mnyororo.

Sasa sikiliza. Kosa la kwanza ni upepo. Nakufahamu, umejaza tairi mpaka limekuwa jiwe, kama unakwenda kubeba magunia. Tope na kokoto vinataka tairi laini. Toa upepo mpaka ukibonyeza kwa kidole gumba likubali kidogo, la nyuma likubali kidogo zaidi ya la mbele.

La pili, siti. Wewe ni mrefu kuliko mimi na hukuipandisha, sivyo? Kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Goti linyooke. Likikunjwa unapoteza nguvu bure.

La tatu, huo mnyororo. Mbele kuna maduara matatu ya meno. Fungua lile kubwa na lile dogo, ubaki na la kati peke yake, kisha punguza pingili mbili za mnyororo. Mambo mengi ya kuchagua ndiyo yanayoangusha mnyororo. Wewe ni fundi wa kuchomelea, hilo halikushindi.

Mlimani usisimame. Kaa kwenye ncha ya siti, shusha kifua, tazama hatua chache mbele na siyo kileleni. Hesabu pumzi: nne ndani, nne nje. Ukifika pale penye mwamba mwekundu utataka kushuka. Kila mtu anataka. Hesabu tena nne.

Habari za kushuka nitakuandikia safari nyingine, kengele imelia na karatasi inaisha. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, ila watu hawajui kwa sababu hawahemi.

Mimi huku nalisha nguruwe, nalima kabichi, najifunza kunyamaza. Cha tatu ndicho kigumu. Mwambie Baba namsalimu. Asipoitikia, mwambie tena.

Dada yako,
Rozina

*

Katandala, Sumbawanga
2 Julai 2023

Mpendwa Dada,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Hali yako, na hali ya nguruwe? Sisi wazima. Upepo wa kipupwe umeanza, ule wa kukata masikio. Mahindi tumevuna, ulezi bado unakaukia shambani.

Dada, wa sita! Mashindano ya Namanyere, watu arobaini na wawili, mimi wa sita! Ipyana kawa wa tatu. Nilifanya kila ulichosema. Nilipotoa yale maduara mawili baiskeli ikawa nyepesi, ikanyamaza, sikusikia tena ule mlio wa mnyororo kugonga fremu. Kule Namanyere ni vumbi na mchanga, nikatoa upepo zaidi, ringi ikagonga jiwe mara mbili lakini tairi likavumilia. Kwenye kilima cha mwisho niliwaona watu watano wamesimama juu ya pedeli wanayumba kama walevi. Mimi nimekaa, nahesabu. Nikawapita mmoja mmoja. Dada, nilikuwa nakusikia. Siyo kama ndoto, la. Nilikuwa nasikia unavyosema "nne".

Kitu kingine. Jioni niliporudi, Baba alikuwa amekaa kibarazani. Akainuka, akaizunguka baiskeli, akabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba. "Nani kakufundisha hivi?" Nikasema, "Dada." Akaingia ndani. Nikadhani imeisha. Akatoka na kigoda, akakaa, akaniambia kwamba kabla hajamwoa Mama alikuwa anashuka Muze kwa baiskeli kufuata samaki wa Ziwa Rukwa, anapanda nao ukingo wote ule wa bonde mpaka huku juu, matenga mawili nyuma, na walikuwa wanatoa upepo vivyo hivyo wakifika kwenye kokoto. Wewe ulikuwa unajua hayo? Miaka ishirini na mitatu naishi na mtu, leo ndiyo nasikia alikuwa mwendesha baiskeli.

Ipyana, ambaye ni Mmoravian, anauliza kama mnaruhusiwa kucheka.

Chumba chako hatujakigusa. Nafagia tu. Sitaki kukusumbua, lakini siwezi kumaliza barua bila kuuliza. Kwa nini ulikwenda, Dada? Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka minane, wewe ndiye uliyenilea. Nilidhani tunaishi. Watu wanasema mnovisi anaweza kutoka siku yoyote, mlango hauna kufuli. Ni kweli?

Na zile habari za kushuka, usisahau.

Mdogo wako,
Vitus

*

Njombe
10 Septemba 2023

Mdogo wangu mpendwa,

Milele amina. Marahaba. Baba anaendeleaje, na goti? Mwambie Ipyana tunacheka sana, hasa pale ambapo hatupaswi.

Nimechelewa kukujibu. Tulikuwa kwenye mafungo, lakini hiyo si sababu yote.

Ni kweli, mlango hauna kufuli. Ndiyo maana ni mgumu.

Mwezi wa nane Sista Lucia alinituma mjini na dereva kununua pumba za nguruwe. Kwenye mwinuko karibu na soko tukampita mwanamume anapanda na baiskeli, amesimama juu ya pedeli, gia nzito mno, anahema. Mguu wangu wa kulia ukaanza kukanyaga sakafu ya gari. Sikuuambia. Dereva akautazama, nami nikalishika goti kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo, kanisani, katika kimya kile kile nilichokuja kukitafuta, najikuta nahesabu nne ndani, nne nje, nasubiri mlima uishe nione zile nyasi na anga yote ya Ufipa. Nafungua macho, naona ukuta.

Unauliza kwa nini. Nitakujibu mara hii moja. Niliipenda ile baiskeli kuliko kitu chochote, na kila nilipomaliza mbio nilibaki na njaa. Haikuwa njaa ya kushinda, kwa maana nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa nasimama pale watu wananipigia makofi, nawaza, ni hiki tu? Huku njaa ile haijaisha, ila imepata pa kukaa. Siwezi kukueleza vizuri zaidi. Sikuwaacha nyie. Najua inaonekana hivyo, na najua wewe ndiye unayefagia chumba.

Mwakani, mwezi wa nane, kama Mungu akipenda, nitaweka nadhiri za kwanza. Nataka nikiingia pale niwe nimeingia mzima, mguu na vyote. Kwa hiyo nakuomba kitu kigumu, Vitus. Usiniandikie tena habari za baiskeli. Niandikie za mvua, za Baba, za mashamba. Hizi nyingine nikizisoma naondoka huku nimekaa.

Usinikasirikie.

Dada yako,
Rozina

*

Katandala
1 Oktoba 2023

Dada,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Nimekuelewa. Mvua bado. Watu wameanza kuandaa mashamba. Yule kuku mwenye kishungi amechukuliwa na mwewe. Baba hajambo.

Nimekaa na kalamu muda mrefu. Kumbe sikuwa na habari nyingine.

Uwe na amani.

Vitus

*

Njombe
17 Machi 2024

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Baba hajambo? Nauliza kwa moyo wote, siyo kwa desturi.

Ni Kwaresima, lakini nimemwomba Sista Lucia ruhusa na amenipa. Alisema, "Andika, maana hata mezani hupo." Nilikuandikia mwezi wa kumi na moja, nikakuandikia tena Krismasi. Hakuna jibu. Mwezi wa pili nikasema labda barua zimepotea. Sasa siamini tena kwamba zimepotea.

Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari michache sana, na hukuandika "mdogo wako". Niliisoma nikaona nilichokifanya. Nilikunyima kitu kimoja ulichokuwa nacho cha kuniambia. Nilidhani najilinda, kumbe nimefunga mlango ambao nilikwambia hauna kufuli.

Niandikie baiskeli, Vitus. Niandikie tairi, niandikie tope, niandikie umekuwa wa ngapi. Kama wito wangu utaanguka kwa sababu ya tairi la baiskeli, basi haukuwa umesimama.

Niandikie tu.

Dada yako,
Rozina

*

Katandala, Sumbawanga
14 Aprili 2024

Mpendwa Dada Rozina,

Tumsifu Yesu Kristo, na heri ya Pasaka. Shikamoo. Sisi ni wazima sasa. Hilo neno "sasa" nitakueleza.

Barua zako zote zilifika. Nisamehe. Tarehe nne Novemba nilikuwa na Ipyana tunafanya mazoezi. Tulipanda milima ya Mbizi asubuhi, kule juu kulikuwa na ukungu na baridi nzuri, tukakubaliana tushuke ukingoni kuelekea Muze tuone nani atatangulia kufika chini. Nilikuwa mbele. Mvua ya kwanza ilikuwa imechimba mfereji kukatiza barabara, kwenye kona, na mimi sikuuona mpaka nimeufikia. Nikabana breki ya mbele kwa nguvu zote. Siti ilikuwa juu kama ulivyonifundisha, basi baiskeli ikainuka nyuma na mimi nikatoka kwa mbele. Nakumbuka niliona bonde lote na ziwa kwa mbali linang'aa. Kisha sikumbuki.

Paja la kulia lilivunjika, na kifundo cha mkono. Ipyana alisimamisha lori lililokuwa linapanda na mpunga, wakanilaza juu ya magunia, akanishika kichwa mpaka mjini. Wiki saba hospitali. Nina chuma mguuni. Natembea vizuri, ila nikichoka nachechemea.

Sasa sehemu ninayotaka uisome taratibu.

Siku ya tatu wodini nilimwambia Baba, "Nipe karatasi nimwandikie Dada." Akasema, "Utamwandikia nini?" Nikasema, "Kwamba nimevunjika." Akasema, "Atakuja." Nikamwambia, "Ndiyo, Baba, atakuja. Si ndicho tunachotaka?"

Alikuwa ananimenyea chungwa. Akalimaliza, akaligawa, akanipa nusu. Kisha akasema, "Rozina akirudi kwa ajili ya mguu wako, mguu ukipona atakaa kwa ajili ya nini?"

Dada, alisema Rozina. Hakusema yule.

Mimi nilikasirika. Alipoondoka nikaomba karatasi kwa muuguzi, nikakuandikia kwa mkono wa kushoto, ukurasa mzima, nikaeleza maumivu yote na mengine nikayaongeza. Nilijua kila neno linafanya kazi gani. Nikampa Ipyana aipeleke posta. Alikuwa ameshatoka nje ya geti nilipompigia simu. Nikamwambia, "Rudi nayo." Akauliza, "Umekosea anwani?" Nikasema, "Hapana. Anwani ndiyo yenyewe." Akairudisha, nikaichana.

Baada ya hapo sikuweza kukuandikia chochote. Nikikuandikia bila kusema mguu ni uongo. Nikisema mguu ni mtego. Basi nikanyamaza, nikakuacha uteseke bure. Ya Krismasi Baba ndiye aliyenisomea. Alipofika penye salamu zake alizirudia mara mbili.

Baiskeli imerudi kutoka kule kwenye mfereji. Ringi ya mbele ilikuwa kama chapati iliyokunjwa. Baba ameinyoosha mwenyewe, spoku kwa spoku, siku nne, amekaa kibarazani. Mimi sijaipanda. Sijui kama naogopa mlima au naogopa kitu kingine.

Mdogo wako,
Vitus

*

Njombe
12 Mei 2024

Vitus mdogo wangu,

Milele amina. Marahaba. Siulizi hali yako, umeshaniambia.

Niliisoma barua yako bandani, nikaenda nikawapigia kelele nguruwe. Nimekukasirikia siku tatu, na Baba pia. Wiki saba! Nani alikuwa anakupikia? Nani alikuwa anakugeuza? Niliifungasha nguo yangu moja kwenye mfuko, nikakaa kitandani na mfuko mapajani. Sista Lucia akaja akanikuta. Hakunizuia. Akakaa karibu yangu akasema, "Amepona?" Nikasema, "Amepona." Akasema, "Basi unakwenda kwa nani?" Nikalia mpaka nikachoka, yeye amekaa tu.

Nakuambia ukweli kwa sababu wewe umeniambia wako. Ile barua uliyoichana ingefika, ningekuja siku hiyo hiyo. Na nisingerudi huku. Ningesema ni kwa ajili ya mguu wako, kumbe ni kwa ajili ya mguu wangu. Baba alijua. Mzee yule aliyekataa kunipa baraka ndiye aliyenilinda, na sijui nimshukuruje mtu ambaye nimemkasirikia hivi.

Kuna jambo jingine. Nilikufundisha kupandisha siti, nikakuahidi habari za kushuka. Kisha nikakuambia tunyamaze. Nimelifikiria hili kila siku. Usiniambie si kosa langu. Acha nikuandikie sasa.

Kabla ya kushuka, simama. Fungua siti, ishushe chini kabisa, hata kama wenzako wanakupita. Simama juu ya pedeli zote mbili zikiwa usawa, magoti yalegee kama unataka kukaa kwenye kigoda kilicho mbali nyuma yako. Uzito wako uwe nyuma ya siti. Usishike usukani kama unamnyonga mtu. Breki zote mbili, kidole kimoja kimoja, unagusa na kuachia, unagusa na kuachia. Ya mbele usiiamini kwenye kona. Usitazame gurudumu, tazama mbali, pale unapotaka kufika, na macho yasiende kwenye shimo, kwa sababu baiskeli hufuata macho. Na ukiogopa, punguza mwendo ungali kwenye sehemu iliyonyooka, siyo ndani ya hofu yenyewe. Hayo ndiyo yote ninayojua.

Nadhiri ni Alhamisi tarehe kumi na tano Agosti, saa nne asubuhi. Kwa desturi ya nyumba hii mzazi huitwa mbele na kuulizwa kama anamtoa mtoto wake kwa moyo mweupe. Asiyekuwa na mzazi husimamiwa na sista. Sitamlazimisha Baba. Mwambie tu tarehe. Lakini wewe, Vitus, njoo. Wewe nakulazimisha.

Dada yako,
Rozina

*

Katandala
30 Juni 2024

Dada mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Sote wazima. Ulezi mwaka huu umezaa vizuri.

Nilimwambia Baba tarehe. Kesho yake nikamkuta anapiga koti lake pasi. Nikamwambia, "Baba, ni mwezi wa nane." Akasema, "Najua ni mwezi wa nane."

Nimepanda. Wiki tatu sasa, tambarare tu, Katandala mpaka njia ya Kaengesa na kurudi. Mguu wa kulia una nguvu nusu, nimehamisha siti mbele kidogo ili uifikie pedeli vizuri, na nyuma nimefunga duara la meno lililo kubwa zaidi, gia nyepesi ya kizee. Ipyana ananicheka. Jumapili iliyopita nikajaribu vilima, nikaingia mashindano, nikawa wa ishirini na saba. Sikuhuzunika. Niliposhuka kile kilima cha Kaengesa nilisimama kwanza, nikafungua siti, nikaishusha. Watu sita wakanipita.

Tutakuja. Sote wawili.

Mdogo wako,
Vitus

*

Njombe
16 Agosti 2024

Mdogo wangu Vitus,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Barua hii anaibeba Baba, anaondoka kesho asubuhi.

Alifika peke yake juzi usiku, na koti lake. Nikamuuliza, "Vitus yuko wapi?" Akasema, "Amebaki."

Jana walipoita majina ya wazazi alitembea mpaka mbele polepole, lile goti linamvuta. Padre akamuuliza lile swali. Baba akafungua mdomo, Kiswahili kikamkatalia. Akasema kwa Kifipa, maneno mengi, kanisani hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi. Alisema mama yangu ndiye aliyetakiwa kusimama pale, kwamba yeye hajui kusema mambo haya, kwamba alininyima baraka kwa sababu nyumba ilikuwa na watu wawili wa kumpenda na hakutaka kubaki na mmoja. Padre akaniangalia, akauliza, "Amekubali?" Nikasema, "Amekubali, Padre." Baba akaniwekea mkono kichwani.

Vitus, sikulaumu. Lakini nilikutafuta. Tulipotoka kanisani nilitazama kila benchi. Nilitazama hata nje, kwenye mti wa kuegeshea baiskeli, nikasema labda amechelewa.

Nimepangiwa Masasi. Naondoka tarehe tano Septemba. Ni mbali, na wanasema ni joto. Huko nitapata simu, tutakuwa tunapigiana kama watu wote. Ila kwanza niambie kwa maandishi, kwa kuwa kwa simu utasema "poa" tu: ulikuwa wapi?

Dada yako,
Sista Rozina

*

Katandala, Sumbawanga
20 Agosti 2024

Dada Rozina,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Baba amefika salama jana jioni. Amekaa kibarazani anawaeleza majirani habari za kanisa lenu, na kila anayepita anaitwa aketi.

Nilikuwa wapi. Tarehe kumi na tatu alfajiri tulikuwa stendi sote wawili, tiketi mbili, begi moja. Nikamwingiza Baba kwenye basi, nikampa kiti cha dirishani, nikasema nakwenda kununua maji. Nikasimama nyuma ya kibanda cha chai na maji mkononi. Basi likapiga honi. Nikaona Baba ananitafuta kwa macho, akaniona. Hakuniita. Basi likaondoka.

Nilirudi nyumbani nikakaa dakika kumi. Kisha nikachukua baiskeli nikalifukuza. Dada, usicheke, au cheka. Nililifukuza basi la Mbeya kwa baiskeli yenye gia ya kizee, na mguu una chuma. Barabara ya lami, upepo wa kutoka mbele, kila kilima nikawa nasema nikifika juu nitaliona. Sikuliona hata vumbi. Nilipanda hivyo mpaka Laela. Nilifika mchana umegeuka, mguu umevimba, sikuweza hata kukanyaga nikishuka, nikaanguka na baiskeli mbele ya wauza karanga.

Pale kulikuwa na basi jingine la Mbeya limesimama. Kondakta akaniinua, akauliza, "Kaka, unapanda?" Nilikuwa na nauli. Ningefika kwako kesho yake, kabla ya nadhiri. Nikasema, "Hapana."

Nimejiuliza siku zote hizi kwa nini nilisema hapana, baada ya kukimbia vile. Nafikiri nilitaka kukufikia, lakini sikutaka kufika. Tangu niishushe ile baiskeli ukutani nimebadilisha kila kitu ndani yake, tairi, gia, siti, na siku zote nilikuwa najiambia naitengeneza ili ukirudi uikute nzuri. Ningekaa kwenye benchi lile nikakusikia unasema ndiyo kwa mdomo wako, ningekuwa natengeneza baiskeli ya nani? Basi nililala Laela kwenye nyumba ya wageni, kesho yake nikarudi polepole, nikifika kila kituo cha basi napumzika. Tarehe kumi na tano saa nne nilikuwa karakanani. Sikuwasha mashine. Nilikaa tu, nikaona saa nne imepita, ikafika saa tano, mteja akaja kuuliza geti lake.

Nilidhani nikiwa sipo haitakuwa kweli. Imekuwa kweli bila mimi. Hicho ndicho kinachoniuma, siyo nadhiri.

Barua hii sitaipeleka posta, itachelewa na wewe unaondoka. Kesho alfajiri napanda basi. Tiketi ninayo, moja. Jumapili kuna mashindano Namanyere na Ipyana amenikasirikia kweli, nimemwambia akimbie kwa ajili yetu sote wawili. Nitakukabidhi karatasi hizi mkononi, uzisome nikiwepo, mimi nitageukia upande wa pili, maana najijua, nikikuona sitaweza kusema hata nusu.

Ipyana anasema getini nisikosee, humo ndani wote wanaitwa masista. Nitamwambia mlinzi mimi ninaye mmoja tu.

Mdogo wako,
Vitus